Dhamana Aliyoikataa Abiola

Katika siku za kupokezana Juni na Julai 1998, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alikuwa Abuja, na akapelekwa kuonana na mtu aliyekuwa kizuizini kwa miaka minne. Wakasalimiana. Mfungwa akamtazama mgeni na kutaka kujua ni nani. Akaambiwa huyu ndiye Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mfungwa akauliza: na yule Mmisri imekuwaje?

Mmisri aliyemtaja ni Boutros Boutros-Ghali, aliyeondoka kwenye kiti hicho mwisho wa 1996. Annan alishakaa ofisini mwaka mmoja na nusu. Na aliyeuliza alikuwa Moshood Abiola, mtu aliyepigiwa kura zaidi ya milioni 8 ili aiongoze Nigeria, nchi yenye watu wengi kuliko zote Afrika. Aliyesimulia kisa hiki ni Annan mwenyewe, na kila ninapokikumbuka huona uchungu. Binadamu alitengwa hadi dunia ikabadilisha viongozi wake bila yeye kupata habari.

Waswahili tunasema asiyekuwepo na lake halipo. Abiola hakuwepo, na lake liliendelea kuwepo. Hakuna mkutano uliofanyika kuhusu mustakabali wa Nigeria, uwe wa majenerali, wanadiplomasia au wafanyakazi wa mafuta, ambao jina lake halikukaa katikati. Ndiyo maana habari yake haitoshi kusimuliwa kwa mkato tuliouzoea: alishinda, akafungwa, akafa, jeshi likarudi kambini. Kati ya "akafa" na "jeshi likarudi kambini" kuna fundo. Mtu aliyefungiwa chumbani, bila chama, bila gazeti wala simu, alichangia nini hasa katika kuondoka kwa wanajeshi? Na kama mchango wake ulikuwa mkubwa, mbona mpito ulikwenda mbio mara tu alipozikwa?

Rafiki wa majenerali

Tuanze na jambo ambalo wapenzi wake hawalisemi sana. Abiola hakutoka upinzani. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye aliliwa na nguo alizozishona mwenyewe.

Alizaliwa Abeokuta, kusini magharibi mwa Nigeria, mwaka 1937. Baba yake alishazika watoto wengi kabla yake. Moshood alikuwa wa 23, na wa kwanza kuvuka utoto. Wakampa jina la Kashimawo, maana yake kwa Kiyoruba ni kama kusema "tusubiri tuone". Alipokuwa na miaka tisa alikuwa anauza kuni. Akasoma shule moja na Olusegun Obasanjo, jina tutakalolirudia, kisha akaenda Glasgow kusomea uhasibu. Utajiri wake mkubwa ulikuja kupitia kampuni ya simu ya Kimarekani ya ITT, iliyofanya biashara na serikali za kijeshi, na baadaye magazeti, meli, mashamba na klabu ya mpira. Alikuwa rafiki wa Jenerali Ibrahim Babangida, aliyetawala tangu 1985. Wanaharakati wa miaka hiyo hawakumpenda, na walikuwa na sababu.

Lakini alikuwa mtoaji. Alisomesha watoto wa watu asiowajua, alijenga misikiti, alichangia makanisa. Mwaka 1992 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipounda kundi la watu mashuhuri kudai fidia ya utumwa na ukoloni, mwenyekiti alikuwa yeye, na mmoja wa wenzake alikuwa Profesa Ali Mazrui wa Mombasa. Mwislamu wa kusini aliyekuwa na heshima kaskazini na mkono wazi kwa Wakristo: watu wa namna hiyo ni wachache katika siasa za Nigeria.

Chama alichogombea nacho, SDP, hakikuwa chake. Babangida alikuwa ameanzisha vyama viwili kwa amri mwaka 1989, SDP na NRC, akavijengea ofisi kwa fedha za serikali, kimoja kiegemee kushoto kidogo na kingine kulia kidogo. Shika hili kichwani. Abiola atakapoingia kizuizini, hatakuwa na chama cha kumsemea, kwa sababu alichokuwa nacho kilizaliwa kwa amri ya jeshi na kitakufa kwa amri ya jeshi.

Jumamosi ya Juni 12

Msomaji wa Kenya akisikia kura ya foleni atakumbuka mlolongo wa 1988, wapiga kura wakipanga mstari nyuma ya wagombea na wenye mistari mifupi wakitangazwa washindi. Nigeria nayo ilikuwa imejaribu foleni. Kufikia uchaguzi wa rais utaratibu ulirekebishwa: watu walithibitishwa kwanza asubuhi, wakapiga kura kwa wakati mmoja, karatasi ikitiwa alama faraghani na kutumbukizwa sandukuni mbele ya macho ya wote, kisha kura zikahesabiwa palepale kituoni. Ilikuwa vigumu kuiba, kwa sababu kila mtaa ulijua hesabu yake kabla ya jua kuzama.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, Juni 12, 1993. Abiola na mgombea mwenza wake, Babagana Kingibe, wote Waislamu, walikuwa wanapingana na Bashir Tofa wa NRC, mtu wa Kano, kaskazini. Kwa desturi ya Nigeria, tiketi ya Waislamu wawili ni kujitafutia kushindwa. Wakashinda. Hesabu zilizokusanywa vituoni zinampa Abiola kura 8,341,309 na Tofa 5,952,087, yaani asilimia 58 kwa 42. Hata Kano, nyumbani kwa Tofa, Abiola aliongoza. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru, mtu wa kusini alikuwa amechaguliwa rais kwa kura za kusini na kaskazini.

Tume ya uchaguzi chini ya Profesa Humphrey Nwosu ilikuwa imekwisha kutangaza matokeo ya majimbo kadhaa ilipozuiwa kuendelea. Juni 23 uchaguzi ukafutwa. Nataka tuitazame karatasi iliyofuta. Ilikuwa karatasi ya kawaida, haina nembo ya serikali, haina saini ya mtu yeyote, ikagawiwa waandishi wa habari na msaidizi wa makamu wa Babangida. Kura milioni 14 ziliondolewa na karatasi ambayo hakuna aliyekuwa tayari kuweka jina lake chini yake. Siku tatu baadaye Babangida alitoa sababu hewani: kesi mahakamani, matumizi ya fedha katika kampeni, biashara za wagombea na serikali. Kama biashara na serikali ilikuwa dhambi, jeshi liliijua kabla ya kuwaruhusu kugombea.

Mwaka wa kutangatanga

Kilichofuata hakimpendezi Abiola, na hatuna haja ya kukipamba. Vijana wa Lagos waliingia barabarani Julai na wengi wakapigwa risasi. Agosti Babangida aliondoka madarakani, akamwachia Ernest Shonekan serikali ya muda. Abiola wakati huo alikuwa ng'ambo akihofia maisha yake. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Burundi ilikuwa imemchagua Melchior Ndadaye siku 11 tu kabla ya Juni 12, na Oktoba 21 wanajeshi wakamuua. Hata hivyo waliobaki Lagos wakikimbizana na mabomu ya machozi walikuwa na haki ya kuuliza aliko mgombea wao.

Novemba 10 mahakama kuu ya Lagos ikasema serikali ya Shonekan si halali. Siku saba baadaye Jenerali Sani Abacha akachukua nchi. Hapa ndipo lilipofanyika kosa kubwa: Abiola na baadhi ya watu wake waliamini Abacha amekuja kusafisha njia, kwamba atakaa kidogo na kumkabidhi. Kingibe, mgombea mwenza, akakubali kuwa waziri wa mambo ya nje. Wengine wa kambi yao wakaingia barazani. Abacha akafuta vyama vyote viwili, akafunga mabunge, na miezi ikapita. Makabidhiano hayakuja.

Mei 1994 wanasiasa, wanasheria na wanajeshi wastaafu waliunda umoja wa NADECO kudai ushindi uheshimiwe. Juni 11, mkesha wa mwaka mmoja tangu uchaguzi, Abiola alisimama Epetedo, mtaa wa Kisiwa cha Lagos, akajitangaza rais. Juni 23, mwaka mmoja kamili tangu ile karatasi isiyo na saini, akakamatwa. Shtaka: uhaini.

Nadhani Epetedo ndipo Abiola alipoacha kuwa tajiri aliyedhulumiwa tonge lake na kuwa kitu kingine. Alikuwa na fedha za kuishi popote duniani, na mwezi huo alijua wanakuja kumchukua.

Neno moja, vitu viwili

Agosti 1994 mahakama ilikubali kumpa dhamana, kwa masharti ambayo kiini chake kilikuwa anyamaze kisiasa. Akaikataa. Baadaye mahakama ya rufaa iliamuru aachiwe kwa dhamana, na serikali haikutii. Kutoka hapo mlango ulibaki wazi kwa njia moja tu, na kila mjumbe aliyepelekwa kwake alirudia ujumbe uleule kwa maneno tofauti: liache la Juni 12, utoke.

Kiswahili kinatupa hapa msaada ambao lugha nyingine hazina. Dhamana ni kile anachopewa mshtakiwa ili alale nyumbani kwake. Dhamana pia ni kile anachobebeshwa mtu kwa niaba ya wengine, ndiyo maana wazee wa TANU walifundisha kwamba cheo ni dhamana. Abiola alitakiwa achague mojawapo. Akiichukua ya kwanza, anaiacha ya pili.

Na ile ya pili, hoja yake ilikuwa, si mali yake. Deni langu naweza kumsamehe mdeni wangu, nikalala usingizi. Lakini ukinipa mbuzi wako nikuchungie, mwizi akaja akaniambia nimsamehe, sina mamlaka hayo, hata kama ananiwekea kisu shingoni. Mbuzi ana mwenyewe. Wenyewe wa kura za Juni 12 walikuwa watu milioni 8, na hakuna hata mmoja aliyempa Abiola ruhusa ya kubadilishana nazo kwa kitanda chake Ikeja.

Tunaweza kuibishia hoja hiyo, na wengi waliibishia. Wapo waliosema uchaguzi mmoja haupaswi kuishikilia nchi mateka. Wapo waliosema, na hoja hii ilipata nguvu kadiri miaka ilivyokwenda, kwamba kura zile zilikuwa za muhula wa miaka minne, kwa hiyo kufikia katikati ya 1997 zilikwisha muda wake. Wafuasi wake wakajibu kwamba saa haiwezi kuhesabu muhula wa mtu ambaye hajaapishwa. Mimi niko upande wao kwa sababu moja. Hoja ya muda kwisha ikikubalika, kila jenerali atajua kuwa uchaguzi hauhitaji kufutwa milele, unatosha kukaliwa miaka minne.

Lakini faida ya msimamo wake haikuwa ya kisheria. Abacha alikuwa na jeshi, alikuwa na mafuta, alikuwa na mahakama zake. Alichokosa ni uhalali, na uhalali ulikuwa kwenye ulimi wa mtu mmoja aliyefungiwa. Serikali iliyofuta uchaguzi kwa karatasi isiyo na saini ilitumia miaka minne kutafuta saini moja. Haikuipata.

Waliokuwa nje

Ukimya wake usingekuwa na maana kama nje pangekuwa kimya pia. Julai 1994 wafanyakazi wa mafuta wa NUPENG wakiongozwa na Frank Kokori waligoma, wakaungwa mkono na wenzao wa PENGASSAN. Nchi inayouza mafuta ikawa inapanga foleni za petroli, na wiki zikapita hivyo. Abacha akavunja uongozi wa vyama vyao, akamkamata Kokori, akazizuia mahakama kusikiliza malalamiko. Mgomo ukafa. Alichojifunza kila mtu ni kwamba Juni 12 lilikuwa jambo la kuzima taa za nchi nzima, halikuwa ugomvi wa matajiri.

Katika wale waliokwenda kukaa na wagomaji alikuwamo Kudirat Abiola, mke wa mfungwa. Mama huyu angeweza kujifungia ndani na watoto wake. Akawa anahutubia, anafadhili, anabebana na waandishi wa habari. Juni 4, 1996, akiwa ndani ya gari lake Lagos, alipigwa risasi na kuuawa pamoja na dereva wake. Tunapolitaja jina la Abiola kwenye historia ya demokrasia ya Nigeria, ni haki tujue tunataja watu wawili.

Wengine walikimbilia uhamishoni, akiwamo seneta wa zamani aliyeitwa Bola Tinubu, ambaye leo ni rais. Wengine waliishia gerezani. Obasanjo alifungwa 1995 kwa tuhuma za kupanga mapinduzi. Shehu Musa Yar'Adua, jenerali mwenzake, alifia kifungoni Desemba 1997. Mwandishi na mwanaharakati Ken Saro-Wiwa na wenzake wanane wa jamii ya Ogoni walinyongwa Novemba 1995, na Jumuiya ya Madola ikaisimamisha Nigeria. Katika hali hiyo Abacha alitangaza mpango wake wa mpito, utakaofika Oktoba 1998. Vikasajiliwa vyama vitano, na Aprili 1998 vyote vitano vikamteua mtu mmoja kuwa mgombea urais. Mtu huyo alikuwa Abacha. Bola Ige, mwanasheria na gavana wa zamani, aliviita vidole vitano vya mkono mmoja wenye ukoma.

Hapo ndipo unapoona uzito wa mfungwa. Kwa utaratibu wa kawaida dikteta anayevua magwanda na kuvaa kanzu hupata watu wa kumpongeza. Afrika Magharibi ilikuwa na mifano ya karibu. Abacha hakuwapata kwa urahisi. Mwezi Machi Papa Yohane Paulo II alipozuru Nigeria aliomba wafungwa wa kisiasa waachiwe. Kila mgeni mwenye heshima alianza na swali hilohilo. Huwezi kuandaa uchaguzi mpya ukaonekana wa kweli huku mshindi wa uchaguzi uliopita umemfungia ndani.

Siku 29

Juni 8, 1998 Abacha alikufa ghafla. Jenerali Abdulsalami Abubakar akashika nafasi, na ndani ya wiki moja akaanza kufungua magereza. Obasanjo akatoka. Kokori akatoka. Abiola hakutoka.

Kwa nini yeye tu abaki? Wengine walikuwa wafungwa, na mfungwa ukimwachia anakushukuru, anakwenda nyumbani. Abiola alikuwa mdai. Akitoka getini na dhamana yake mkononi, nchi ingekuwa na marais wawili siku hiyohiyo. Kwa hiyo wajumbe wakamiminika: Annan, Emeka Anyaoku wa Jumuiya ya Madola ambaye mwenyewe ni Mnigeria, kisha Wamarekani. Annan alipotoka aliwaambia waandishi kwamba Abiola hana nia ya kutoka na kung'ang'ania kiti. Watu wake wa karibu walipinga. Neno la mtu aliyetengwa miaka minne, asiyejua nani ni Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, asiye na wakili pembeni wala mtoto wa kumuuliza hali, halikuwa uamuzi machoni pao. Naona walikuwa sahihi. Mtu hawezi kupima uzito wa mzigo wake wakati amefungwa macho.

Julai 7 alikaa na ujumbe wa Marekani ukiongozwa na Thomas Pickering, akiwamo Susan Rice. Chai ikaletwa. Akaanza kukohoa, akaomba dawa, akaenda msalani, akarudi akajilaza. Daktari akaitwa, akakimbizwa hospitali, na jioni hiyo Nigeria ikaambiwa amefariki. Alikuwa na miaka 60. Wataalamu kutoka nje waliouchunguza mwili walisema ni ugonjwa wa moyo wa siku nyingi. Mitaani Lagos, mpaka leo, ukisema "chai" kwa sauti fulani, watu wanajua unamzungumzia nani. Sina ushahidi wa sumu na sitausema. Lakini mtu mwenye moyo mgonjwa aliyewekwa peke yake miaka minne, mbali na madaktari wake, hakuhitaji sumu.

Lagos, Ibadan na Abeokuta zikawaka. Watu kadhaa walikufa katika siku zile, na hesabu yao ni lazima iingie kwenye mpito tunaouita wa amani.

Kilichojengwa juu ya kaburi

Siku 13 baada ya kifo, Julai 20, Abdulsalami alitangaza ratiba: vyama vya Abacha vimefutwa, tume mpya itaundwa, na Mei 29, 1999 jeshi litakabidhi. Ratiba ikafuatwa. Serikali za mitaa Desemba, magavana Januari, bunge na rais Februari.

Tulitazame sasa fundo letu. Wako wanaosema mpito huu ni kazi ya Abdulsalami, na Abiola aliuchelewesha tu. Ukiangalia kalenda peke yake, wanaonekana wana hoja: mlango ulifunguka alipoondoka. Lakini angalia umbo la kile kilichojengwa, na utaona alama za mikono ya marehemu kila mahali.

Februari 27, 1999 wagombea urais walikuwa wawili: Obasanjo wa chama cha PDP na Olu Falae aliyesimamishwa na vyama vya AD na APP. Wote wawili ni Wayoruba. Katika nchi yenye makabila zaidi ya 250, hilo halikutokea kwa bahati. Wanasiasa wa kaskazini na majenerali wastaafu walijua kwamba eneo lililompoteza Abiola halitakubali kurudi kwenye meza bila kulipwa, wakakubaliana kimyakimya kwamba safari hii kiti kiende huko. Desturi ya kupokezana urais kati ya kaskazini na kusini, ambayo Wanigeria wanaiita zamu na wanagombana nayo hadi leo, ilipata nguvu zake hapo. Hiyo ilikuwa fidia ya Juni 12, ingawa hakuna aliyeiita hivyo kwenye waraka wowote.

Na Wayoruba hawakudanganyika na fidia hiyo. Obasanjo alishinda kwa takriban asilimia 63 nchi nzima, na akashindwa vibaya kwao kusini magharibi. Walimwona kama mtu aliyechaguliwa na majenerali kuwafuta machozi. Aliyekalia kiti ni mwanafunzi mwenzake Abiola wa Abeokuta, jenerali mstaafu, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa gerezani.

Upande mwingine kuna kile ambacho marehemu hakuweza kukizuia. Mfungwa anaweza kusema hapana. Kuandika katiba hawezi. Katiba ya 1999 ilitolewa kwa amri ya kijeshi, ikasainiwa Mei 5, wiki tatu kabla ya makabidhiano, baada ya wagombea kuwa wamekwisha chaguliwa bila kuiona. Inaanza kwa maneno ya wananchi kujipa katiba, na wananchi hawakuwapo. Waliofuta Juni 12 hawakufikishwa mahakamani. Wengi walistaafu na mali zao na wakawa wafadhili wa vyama vipya. Hayo ndiyo matokeo ya mpito ambao upande mmoja wa meza ulikuwa na kalamu na upande wa pili ulikuwa na kiti kitupu.

Ni hapa anapotofautiana na Mandela, ambaye watu hupenda kumlinganisha naye. Mandela naye aliikataa ofa ya Rais Botha wa Afrika Kusini ya kuachiwa kwa masharti, mwaka 1985, na jibu lake likasomwa na binti yake uwanjani Soweto. Lakini nyuma ya Mandela kulikuwa na ANC, yenye makada Lusaka, kambi Tanzania na ofisi nchi nyingi. Aliposema hapana, kulikuwa na watu wa kuibeba hapana ile hadi meza ya mazungumzo, na akaishi kuikalia meza hiyo mwenyewe. Abiola alikuwa na chama alichokopeshwa na jeshi, mgombea mwenza aliyehama, na umoja wa NADECO uliotawanyika kati ya Lagos, London na Washington. Hapana yake ilikuwa ya mtu mmoja. Ndiyo maana ilitosha kuzuia na haikutosha kujenga.

Kwa hiyo nikiulizwa nafasi ya Abiola katika kuondoka kwa jeshi, nasema hakuuongoza mpito na hakuusuluhisha. Alikuwa kufuli. Kwa miaka minne alifanya kila mlango wa uongo ushindwe kufunguka, hadi aliyetaka kuupita kwa nguvu akafa mlangoni. Na majenerali waliofuata walijua kwamba kufuli la pili la namna ile hawataliweza, wakaondoka.

Serikali za kiraia zenyewe zilichukua muda kumtaja. Kwa miaka 18 Siku ya Demokrasia Nigeria ilikuwa Mei 29, siku ya makabidhiano. Juni 2018 Rais Muhammadu Buhari, naye jenerali mstaafu, aliihamishia Juni 12 na kumpa Abiola nishani ya GCFR, ambayo kwa desturi huvaliwa na wakuu wa nchi. Familia ikaipokea kwa niaba yake. Mwaka uliofuata uwanja wa taifa wa Abuja ukapewa jina lake.

Februari 20, 2025, Babangida akiwa na miaka 83 alizindua kumbukumbu za maisha yake Abuja, mbele ya marais wa zamani na Rais Tinubu. Akakiri kwamba Abiola alishinda uchaguzi wa 1993, na kwamba lawama anazibeba yeye. Ilikuwa imepita miaka 31 na miezi minane. Ile karatasi ya Juni 23 mpaka leo haina saini.